Ruzuku ya Umeme wa Vijijini: Tuombe kwa Hesabu

Katika meza ya mhariri hufika barua za kila namna, lakini ziko za aina moja ambazo hazikomi. Ni barua za wananchi wa vijijini wanaoeleza kwamba waliandika Serikalini kuomba msaada wa umeme, wakangoja mwaka wa kwanza, wakangoja na wa pili, wala hawakuona jibu. Wengi huzimaliza barua hizo kwa kuuliza: Je, sisi si wananchi?

Swali hilo ni zito, na halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa makala hii alipopata safari ya kwenda nyanda za juu za kusini, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, aliukubali mwaliko wa wazee wa kitongoji kimoja waliotaka afike aone kwa macho yake. Alikwenda kwa miguu muda wa saa moja na nusu kutoka barabarani, akavuka daraja la magogo, akapokewa kwa “Kamwene” na kikombe cha chai ya maziwa. Nguzo za umeme wa Taifa alikuwa ameziacha nyuma, penye makao makuu ya kijiji. Ng'ambo hii ya bonde hazikufika.

Tulipokuwa tumekaa barazani, ilisikika sauti ya maporomoko ya maji chini ya kilima. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa miaka sabini hivi, alinyosha mkono kuelekea huko.

“Bwana Mhariri,” akasema, “sauti hiyo tumelala nayo tangu zama za babu zetu. Vijana wetu waliosoma hutuambia kwamba sauti hiyo ni umeme. Lakini mama zetu bado wanabeba mahindi kichwani kuvuka bonde kwenda kusaga, na juzi mtoto amezaliwa hapa kwa mwanga wa simu.”

Kisha akatoa bahasha iliyotunzwa vizuri, ndani yake nakala ya barua waliyoipeleka Serikalini miaka miwili iliyopita. Ilikuwa barua ya heshima, yenye sahihi za watu 43 na muhuri wa kijiji. Ilieleza kwamba kitongoji kina maporomoko makubwa, na kwamba wananchi wanaiomba Serikali yao sikivu iwapatie umeme. Basi. Haikutaja idadi ya nyumba, wala kiasi cha maji, wala kimo cha maporomoko, wala mkutano uliolikubali jambo hilo, wala nani atakayeutunza mtambo ukishawekwa.

Mwandishi alimwuliza mzee: “Mzee wangu, kama ungekuwa wewe ndiye afisa, na mezani pako pana barua mia moja za namna hii, ungeanza na ipi?”

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akacheka. “Ningeanza na ile inayoniambia kazi ya kufanya.”

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Fedha hizi ni za nani?

Kwanza yafaa wananchi wafahamu kwamba ruzuku ya nishati ya vijijini si sadaka ya mtu. Mwaka 2005 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini, na kwa sheria hiyo vikaundwa vyombo vitatu: Bodi ya Nishati Vijijini, Mfuko wa Nishati Vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, ambao watu wengi wanaujua kwa jina la REA. Wakala huo ulianza kazi mwaka 2007.

Mfuko huo hupata fedha kutoka katika bajeti ya Serikali, kwa washirika wa maendeleo wa nchi za nje, na kwa tozo. Sehemu ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli huingia humo. Tena, mtu yeyote anunuaye umeme wa LUKU na aitazame risiti yake: ataona asilimia 3 imekatwa kwa ajili ya REA. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea vyuma aliyeko Manzese, na mwenye saluni aliyeko Mwanza, kila anunuapo umeme huchangia taa ya ndugu yake wa kijijini. Na mkulima huyo wa kijijini naye, apandapo basi liendeshwalo kwa dizeli, huchangia.

Hivyo mwananchi anayo haki ya kuomba. Lakini kwa kuwa ni fedha za watu wengi, haziwezi kutolewa kwa huruma. Fedha ya umma hutolewa kwa hesabu, nayo hurudiwa kwa hesabu. Afisa anayetoa fedha kwa mradi usiojulikana gharama yake wala mtunzaji wake hafanyi wema, anavunja amana.

Kazi kubwa imekwisha fanyika. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Hata hivyo, kijiji kufikiwa si sawa na kila nyumba kuwaka taa. Nchi yetu ina vitongoji zaidi ya 64,000, na vingi kati yake viko mbali na nguzo, juu ya milima, ng'ambo ya mabonde, au visiwani. Kwa watu wa huko, mtambo mdogo wa maji, wa jua au wa samadi unaweza kuwa njia ya karibu kuliko kungoja nyaya.

Wala hili si ndoto. Huko Mawengi, katika Wilaya ya Ludewa, ulijengwa mtambo wa maji wa kilowati 300 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la Kiitalia la ACRA, na watumiaji wenyewe wakaunda chama chao cha LUMAMA cha kuuendesha. Huko Mufindi, mtambo wa Mwenga wa megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012, ukawa unawauzia umeme TANESCO na papo hapo kuwapelekea wanavijiji. Na masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga mtambo wao wa Tulila katika mto Ruvuma. Ukubwa wa miradi hii watofautiana sana, lakini msingi wake ni mmoja: kabla ya kuchimba mfereji, watu walipima.

Kupima kabla ya kuomba

Wazee wa kitongoji walipoulizwa maporomoko yao yana nguvu kiasi gani, mmoja alisema “nyingi sana,” mwingine akasema yanatosha wilaya nzima. Ndipo tukashuka sote mtoni, wazee, vijana na watoto, tukapima.

Kipimo cha kwanza ni maji yenyewe. Tulichagua mahali mto uliponyoka. Upana ulikuwa mita 2, na kina, kikipimwa mahali mahali na kutafutiwa wastani, kilikuwa robo mita. Basi eneo la maji ni nusu mita ya mraba. Tukapima mita 10 kando ya mto, tukaweka kijiti mwanzo na kijiti mwisho, na mtoto mmoja akatupa gunzi la mhindi majini. Kijana aliyeshika simu akahesabu sekunde 20. Maana yake gunzi lilikwenda nusu mita kwa sekunde. Nusu mara nusu ni robo, yaani lita 250 kwa sekunde. Lakini maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo hupunguzwa walau sehemu moja katika tano. Na mahali penye mawe mengi hupunguzwa zaidi. Tukabaki na lita 200.

Kipimo cha pili ni kimo. Kwa hili hutumika mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama wafanyavyo waashi wanaposawazisha msingi wa nyumba. Vijana walishuka kilima hatua kwa hatua wakiandika, wakapata mita 30.

Sasa hesabu ni rahisi. Zidisha lita za sekunde moja kwa mita za kimo, kisha zidisha kwa 5; jibu ni wati zinazoweza kutarajiwa kwa mtambo mdogo, baada ya kutoa kinachopotea katika bomba na mashine. Mara 200 kwa 30 kwa 5 ni wati 30,000, yaani kilowati 30.

Haitoshi wilaya nzima. Lakini kitongoji kina nyumba 180, na kilowati 30 zikigawanywa kwa nyumba hizo, kila moja yaweza kupata wati zaidi ya 160: taa, redio, televisheni na kuchaji simu. Mchana, watu wakiwa shambani na taa zikiwa zimezimwa, nguvu hiyo hiyo yaweza kuzungusha mashine ya kusaga. Lisiloweza kufanyika ni kila nyumba kupika kwa jiko la umeme kwa wakati mmoja, na hili lazima lisemwe mapema, ili watu wasije wakagombana baadaye.

Jambo la muhimu ni majira. Upimaji huo ulifanyika mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Mtu apimaye mwezi wa Machi, mto ukiwa umefura, anajidanganya nafsi yake, na mtambo wake utasimama kila Oktoba. Kipimo chetu hicho cha gunzi nacho hakikatai mhandisi. Atakuja naye kupima kwa vyombo vyake, tena zaidi ya mara moja. Lakini kinamwambia afisa kwamba hapa pana kitu cha kumfanya mhandisi afunge safari.

Karatasi si adui

Baada ya mto huja karatasi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Tuzieleze moja moja.

Mto si mali ya kijiji peke yake. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayetaka kuyatumia maji kwa mtambo hana budi kupata kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Tulipolieleza neno hili, kijana mmoja alikumbuka kwamba mwaka uliopita walipita watu wawili wenye vyombo, wakayapima maporomoko, wakapiga picha, wakaondoka bila kuaga. Hakuna aliyewauliza walitumwa na nani. Huenda walikuwa wanafunzi tu. Lakini yawezekana pia kwamba yuko mtu mjini ambaye barua yake ina lita na mita, naye anatafuta maporomoko. Tukilala, siku moja tutaamka tukiwa wateja wa maji tuliyozaliwa kando yake.

Ardhi ya mfereji, ya nyumba ya mtambo na ya njia ya nguzo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Yatakiwa Halmashauri ya Kijiji ikae, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali, na muhtasari uandikwe ukiwa na majina na tarehe. Mwenye shamba litakalopitiwa na mfereji aandikiane na wenzake mapema. Miradi mingi hufa kwa sababu ya migomba mitatu ya mtu ambaye hakuulizwa.

Mazingira yana sheria yake ya mwaka 2004, na mradi hupelekwa kwa Baraza la Mazingira, NEMC, ili iamuliwe ni tathmini ya kiasi gani inayotakiwa. Kwa EWURA, mtambo usiozidi megawati 1 umeondolewa mzigo wa leseni ya kuzalisha umeme, lakini lazima usajiliwe. Mwisho, lazima awepo mwombaji anayetambulikana kisheria: chama cha ushirika, kampuni, au jumuiya iliyoandikishwa, yenye katiba, akaunti ya benki na watia sahihi. Ruzuku haiwezi kuandikiwa “wananchi wa ng'ambo.”

Msomaji atasema mambo haya ni mengi. Ni kweli. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena kila karatasi katika hizo, ukiitazama vizuri, inamlinda mwanakijiji mwenyewe: ya maji inamlinda na mnyang'anyi, ya ardhi inamlinda na ugomvi, ya akaunti inamlinda na mweka hazina mwenye mkono mrefu.

Ruzuku hailipi kila kitu

Wako wanaodhani kwamba ruzuku ikishakubaliwa, lori litafika na kila kitu. Sivyo. Ruzuku husaidia gharama za mwanzo, naye mwombaji huonyesha fungu lake. Fungu hilo si lazima liwe fedha taslimu tupu. Mfereji uliochimbwa kwa mikono, mawe yaliyobebwa, nguzo zilizokatwa katika msitu wa kijiji, vyote vina thamani, na yafaa viandikwe kwa siku za kazi na kwa shilingi. Wananchi wengi huifanya kazi hiyo kisha hawaiandiki, wakaonekana kana kwamba hawakutoa kitu.

Tena iko mipango ambayo hulipa baada ya kazi kuonekana. Katika mpango mmoja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wenye mitambo midogo walipewa ruzuku ya Dola 500 kwa kila mteja mpya waliyemuunganisha. Utaratibu wa namna hii ni mzuri, maana hulipa taa inayowaka, haulipi ahadi. Lakini unamtaka mwombaji awe na mtaji wa kuanzia, au mkopo, au mwenzi mwenye fedha. Kwa hiyo kila atakayeomba na asome kwanza masharti ya mwaka huo: ni nani anayeruhusiwa, ni nishati gani, fedha hutoka lini, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ni ipi. Masharti hubadilika, na ombi zuri lililoandikwa kwa masharti ya mwaka uliopita ni kazi bure.

Swali ambalo afisa mwenye akili hulitazama kuliko yote ni hili: mtambo utaishi vipi baada ya sherehe? Tufanye mfano. Nyumba 180, na mashine ya kusaga pamoja na maduka na ofisi zinazolipa sawa na nyumba 20, ni sawa na walipaji 200. Kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni shilingi 1,000,000, na kwa mwaka shilingi 12,000,000. Waendesha mtambo wawili kwa shilingi 200,000 kila mmoja, na karani kwa shilingi 100,000, ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Grisi, beringi, mikanda na nyaya zitengewe shilingi 3,000,000. Zinabaki shilingi 3,000,000, na hizo zisiguswe. Ziwekwe benki kwa siku ile ambayo jenereta itaungua. Bei halisi zitatofautiana, lakini ombi lisilokuwa na ukurasa wa namna hii si ombi, ni matumaini.

Katika safari hiyo hiyo tulipita mahali penye shule yenye vioo vya umeme wa jua juu ya paa, vizima kabisa, na ndani hakuna taa hata moja. Betri zilikufa. Betri za kawaida za asidi huishi miaka mitatu hadi mitano, na jambo hilo lilijulikana tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyeweka akiba ya kununua nyingine. Walimu sasa hutumia tochi chini ya paa lenye vioo. Kama wale wanawali waliokuwa na taa wakasahau mafuta, watu hao hawakukosa chombo. Walikosa kufikiri kesho.

Liko pia swali la nguzo za Taifa. Zikifika siku moja katika kitongoji chenye mtambo wake, je? Taratibu za EWURA kwa wazalishaji wadogo zimeliona jambo hilo, nazo zimeweka njia ya mtambo mdogo kuungwa na kuuza umeme wake kwa TANESCO. Kwa hiyo nyaya zijengwe kwa kiwango kinachokubalika tangu mwanzo. Nyaya za kubahatisha juu ya miti hazitanunuliwa na mtu.

Neno kwa wakubwa

Hatutakuwa waadilifu tukiwahimiza wananchi peke yao. Yako mambo ambayo wenye ofisi nao yawapasa kuyafanya.

Mwananchi aliyeandika barua anastahili jibu, hata kama jibu ni “hapana.” Barua ya mistari mitatu inayosema kwamba ombi halina kipimo cha maji, na kwamba mhandisi wa wilaya anaweza kusaidia kukipata, ingewaokolea wazee wale miaka miwili. Fomu na masharti yote yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na nakala zibandikwe katika ofisi za kata, ambako mwananchi hufika kwa miguu. Na kila halmashauri imteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwaongoza waombaji wa vijijini, ili wasiangukie mikononi mwa vishoka wanaodai malipo kwa kuahidi ruzuku wasiyo na uwezo nayo. Mtu akikuambia utoe fedha ndipo jina lako lipite, huyo hana ruzuku, ana njaa.

Turudi kitongojini. Jua lilipokuwa linatua, wazee walikubaliana kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji uombwe uitishwe, na kwamba mwalimu aliyestaafu ndiye ashike kalamu. Vijana walipewa kazi ya kwenda mtoni kila juma kupima na kuandika katika daftari, ili baada ya mwaka mzima wawe na maji ya kiangazi na ya masika kwenye karatasi. Mama mmoja, aliyekuwa kimya mchana kutwa, aliuliza kama mashine ya kusaga itaandikwa ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Mzee akamjibu, “Dada yangu, wa kwanza.”

Hatuwezi kuahidi kwamba watapata ruzuku. Waombaji ni wengi, na Mfuko una mipaka. Lakini safari hii barua yao itamwambia afisa kazi ya kufanya: lita 200, mita 30, nyumba 180, walipaji 200, na majina ya watu waliokubali. Barua kama hiyo, ikinyimwa jibu, wanaweza kwenda nayo kwa Mkuu wa Wilaya, na kwa Mbunge wao, na hata kuileta katika meza hii, nasi tutauliza kwa niaba yao bila kuona haya.

Kwa hiyo, ndugu zetu mliotuandikia, swali lenu ni halali, na jibu lake ni ndiyo: ninyi ni wananchi. Sasa hesabuni nyumba zenu, pimeni mto wenu, kisha mwandike tena.